Mwaka Tuliomjengea Koko Kipoyi

Siku ya pili ya matanga, wanawake wa kanisa wakikaanga samaki kwenye nyumba ya Black Rock, mtaa wa Buffalo, na moshi umejaa mpaka kengele ya dari inapiga kelele kila mara na hakuna anayeijali, binamu yangu Patient alinivuta pembeni karibu na friji. Akaniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeulizia siri ya ukoo, ni vifaa gani vya maana kwa mtu anayetaka kufufua karavani ya zamani. Amepata moja huko kwao Columbus, anasema, inahitaji kazi kidogo tu. Nilimtazama. Koko wa Buffalo tulikuwa hatujamzika, Koko wangu amelala chumba cha pili amegeukia ukuta, na huyu kijana amekuja kutuliza watu akiwa na hamu ya drili. Nilimwambia kifaa cha kwanza ni kiberiti: aichome, aende zake akalale. Hakucheka. Alisubiri, simu mkononi, tayari kuandika. Watu wa namna hiyo ndio wanaonunua karavani.

Nina miaka kumi na saba. Mwalimu wangu mmoja anasema kumbukumbu za maisha huandikwa na mtu akishazeeka. Huyo mwalimu hajawahi kukwangua gundi iliyokauka tangu kabla mama yake hajaolewa, kwa kisu cha siagi, kwenye baridi, huku mjomba wake akimwimbia pambio la kumtia moyo. Mimi mwaka ule nilizeeka. Na swali la Patient, la kipuuzi kama lilivyo, limekataa kunitoka, basi nalijibu hapa kwa namna yangu.

Sisi bibi tunamwita Koko. Nilikuwa na wawili: Koko wangu, niliyelala naye chumba kimoja kwenye apatimenti yetu ya Highview, kule Louisville, na mdogo wake, tuliyemwita Koko wa Buffalo. Vita viliwatenganisha kule milimani Kivu, kila mmoja akakimbilia nchi yake, na walipokuja kugundua kwamba wote wawili wako hai, mmoja alikuwa ameshatua Kentucky na mwingine New York. Walionana kwa simu tu. Kila siku nikitoka shule niliwakuta hewani, simu imeegemezwa kwenye kopo la maziwa ya unga, spika imefunguliwa hadi mwisho kwa sababu wote hawasikii vizuri. Nilifanya hesabu zangu za aljebra katikati ya mazungumzo yale. Umekula nini? Wali. Na nini? Na maharage. Walikuosha damu? Waliniosha. Halafu kimya, halafu mmoja anamkumbusha mwenzake kuku fulani aliyepotea walipokuwa wasichana, na wanaanza kugombana nani alimla. Ugomvi wa kuku huyo ulikuwa mkali kuliko habari zote za Congo nilizowahi kusikia.

Kuosha damu ndiko kulikomfunga Koko wa Buffalo. Figo zilikuwa zimekufa, na kila siku chache ilibidi alazwe kwenye mashine, kwa hiyo kusafiri kwake kulikuwa kumekwisha. Koko wangu naye alifungwa na mgongo. Alisema ndege iliyotuleta Amerika ndiyo iliyouvunja, na hakuna daktari aliyefaulu kumbadilisha mawazo. Akikaa kwenye kiti kwa muda wa ibada moja fupi, jasho linamtoka na midomo inageuka rangi. Kulala, sawa. Kusimama kidogo, sawa. Kukaa, hapana. Na Buffalo ni siku nzima ya kukaa. Kisha, mwanzoni mwa mwaka wangu wa tisa shuleni, mtoto wa Koko wa Buffalo akampigia Tonton simu kusema kwamba sasa hata moyo umechoka, madaktari wameanza kuzungumza kwa upole. Mimi nilikuwa chumbani, mlango uko wazi, nikasikia Tonton akirudia tu, "Bon. Bon. Bon." Tonton Bosco ni mjomba wangu, anafanya kazi ya usiku kwenye ghala, na akisema bon mara tatu ujue mambo yameharibika.

Koko hakulia. Wakati wa chakula alisukuma sahani ya sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, akasema: "Mimi nitaenda na kipoyi."

Kipoyi, kwa asiyejua, ni kitanda cha miti na mianzi ambacho kule milimani wanaume hubebea mgonjwa mabegani. Koko alishatusimulia mara nyingi. Mgonjwa akilala ndani, hakuna mwanamume anayeruhusiwa kujifanya hajaona. Wa kijiji hiki wanambeba mpaka mpakani, wa kijiji kinachofuata wanampokea, anabadilishwa mabega hadi anafika hospitali, na yeye kule juu analala tu, anasalimia watu. Nilimuuliza kama ana mpango wa kuwaita wanaume wa Kentucky wambebe mpaka Ohio. Aliniambia nifunge mdomo nile. Lakini Tonton hakucheka. Niliona macho yake yameganda juu ya meza, na hapo ndipo nilipopaswa kukimbia.

Karavani yetu Tonton aliipata Columbus, kupitia mama yake Patient, nyuma ya ghala la mkulima mmoja mzungu: kanyumba ka bati jeupe na mstari wa kijani, kenye magurudumu mawili, ka kuvutwa nyuma ya gari. Ndani mlikuwa na kitanda, jiko la gesi, kimeza, madirisha matatu, na ukoo mzima wa panya. Akaivuta kwa pikapu ya rafiki yake mpaka Louisville, akaiegesha nyuma ya kanisa tunalokodi, kwa sababu apatimenti yetu hairuhusu hata baiskeli kwenye baraza. Jumapili ile hakuna aliyesikiliza mahubiri. Watu walitoka wakaizunguka kama ng'ombe wa mahari. Mama Zawadi, kiongozi wa kwaya, aliamini tunafungua biashara ya sambusa, na hata tulipomweleza akaendelea kuuliza dirisha la kuuzia litakuwa upande gani. Mzee mmoja akachungulia ndani, akatoa kichwa haraka, akasema inanuka kama mbuzi aliyekufa akiwa na hasira. Tonton akasema, "Donc, basi kufikia Krismasi Koko analala Buffalo." Naomba msomaji akumbuke ni mtu mzima aliyesema hayo.

Sasa Patient, andika. Cha kwanza si nyundo. Cha kwanza ni kipima unyevu, kale kadude kenye meno mawili unakokagandamiza ukutani kakakuambia kama mbao nyuma yake ni kavu au ni uji. Sisi hatukuwa nacho. Sisi tulikuwa na Tonton, aliyegonga kuta kwa kidole akiwa amefumba macho kama daktari wa kienyeji, akatangaza nyumba ni nzima. Akapiga hatua kuelekea jikoni, na mguu wake ukapita kwenye sakafu mpaka gotini. Nilicheka hadi nikakaa chini kwenye changarawe. Yeye alibaki pale, nusu ndani ya karavani na nusu Kentucky, akiniuliza kwa Kifaransa kama nimemaliza. Baada ya hapo tukaazima kipima unyevu, na kila tulipokibandika kilipiga kelele. Kuta zilizooza kwa ndani zilikuwa zimefunikwa karatasi ya maua mazuri sana. Tulibomoa tulichokuja kutengeneza. Kufikia Krismasi, Koko hakuwa Buffalo. Kuta za karavani ndizo zilizokuwa kwenye pipa la taka la kanisa.

Cha pili ni bisibisi ya kichwa cha mraba. Skrubu za karavani zina shimo la mraba, si msalaba, na usipojua hilo utafanya kama sisi: wiki nzima Tonton alisukuma na turnevisi yake, bisibisi ya kawaida, akalainisha mashimo yote yakawa duara kama tundu la sindano. Mimi ndiye niliyeona video. Nilipomwonyesha aliitazama mpaka mwisho, akasema huyo mzungu wa kwenye video anajisifu. Kesho yake alikuja na bisibisi ya mraba. Halafu kuna vile vinavyoitwa bunduki: ya joto ya kulainishia gundi ya zamani, ya ribiti ya kubania bati, na ya silikoni ya kuzibia mianya. Koko alisikia Tonton akiniagiza nimletee bunduki kutoka kwenye gari, akatangaza kwamba neno hilo halitatajwa kwenye nyumba atakayolala yeye. Kwa hiyo ikawa feni, kuku na mswaki, kwa mpangilio huo huo. Mtu akipita nyuma ya kanisa jioni alisikia mwanamume mzima akipiga kelele kutoka juu ya paa: niletee kuku, huu mswaki umeisha. Na kikwanguo kiwe cha plastiki. Cha chuma kinatoboa bati, nami nina kovu kwenye kidole na karavani ina kiraka chini ya dirisha la kushoto vya kuthibitisha.

Lakini vifaa havikuwa shida. Shida ilikuwa mvua. Kila tulipoziba huku, maji yaliingia kule. Unapanga mbao mpya, unazipaka rangi, unarudi kesho yake baada ya shule unakuta doa la kahawia limekaa katikati kama limelipiwa kodi. Mikono yangu ilinuka silikoni hata darasani. Wenzangu walikwenda kucheza mpira wa kikapu. Mimi nilikwenda kutafuta tundu. Na kila nikirudi chumbani, simu iko pale pale kwenye kopo la maziwa, na mazungumzo yanazidi kuwa mafupi. Umekula? Kidogo. Walikuosha? Leo nilikataa. Ugomvi wa kuku ukakoma kabisa. Siku moja ya Februari Koko alimchokoza mdogo wake makusudi, akasema kuku yule ni wewe uliyemla, na sauti ya Buffalo ikajibu, ndiyo, ni mimi. Koko akakata simu bila kuaga. Alibaki ameishika kifuani. Hakuna kitu kilichowahi kunitisha kama kukubali kule.

Siku ile nilikwenda nyuma ya kanisa peke yangu nikapiga teke mlango wa karavani. Tonton alikuwa ndani, amelala chali chini ya kitanda, anatafuta tundu kwa tochi. Nikamwambia kwa Kiingereza, kama sisi vijana tunavyofanya tukitaka kuwaudhi wakubwa, kwamba anamjengea mtu jeneza polepole. Nikaongeza kwa Kiswahili ili isimpite: "Atakufa, Tonton. Wewe unapaka rangi."

Alitoka chini ya kitanda, vumbi kwenye nyusi. Nilitegemea kofi. Akasema, "Sasa unataka mi nifanye je? Nimubebe mu mugongo?" Na akaniangalia kweli, akisubiri jibu. Nikachukua mswaki nikapanda juu ya paa.

Tundu lilipatikana kwa bomba la maji. Andika na hilo, Patient, ni kifaa bora kuliko vyote: bomba la bustani na mtu wa kukaa ndani. Mmoja anamwagia nje, kipande kwa kipande, kuanzia chini kwenda juu, mwingine anakaa gizani na tochi anasubiri tone. Ukianzia juu, maji yanateremka kila mahali na hujui yameingilia wapi. Lilikuwa kwenye mzunguko wa kidirisha cha paa, jembamba kama uzi. Nilijua nimelipata kwa sababu Tonton alipiga yowe ndani. Basi nikaacha bomba hapo hapo kwa muda, kwa ajili ya uhakika wa kitaalamu, mpaka alipotoka amelowa mpaka soksi. Tulikwangua, tukalaza ule utepe mweusi unaonata kama ugali wa muhogo, tukabana na ribiti. Mvua iliyofuata tulikaa ndani wote wawili, tunatazama dari kama watu walio sinema. Hakuna kilichodondoka.

Mwisho wa Mei tulimleta Koko. Alilala kitandani, akaomba dirisha lifunguliwe, akaomba lifungwe, akasema godoro ni la kizungu lakini atalivumilia. Tukaondoka shule zilipofungwa. Kanisa zima lilikuja kutusindikiza, wakaimba, Mama Zawadi akaweka ndani sambusa za kutosha jeshi. Tonton akiendesha ile pikapu ya rafiki yake, mimi nyuma ndani ya karavani pamoja na Koko, yeye amelala chali kama malkia na mito miwili chini ya kichwa. Alikuwa na furaha ambayo sikuwa nimewahi kuiona. Akafungua pazia, na kila gari lililotupita akalipungia mkono, polepole, kama ilivyo desturi ya mtu aliye kwenye kipoyi.

Askari wa barabarani naye alipungiwa. Hatukuwa hata tumetoka nje ya jiji.

Alikuwa kijana, mpole, hilo ndilo lililonikera zaidi. Ningependa awe mkatili. Alieleza kwamba karavani ikivutwa barabarani haiwezi kuwa na mtu ndani. Hairuhusiwi. Tairi likipasuka, kitu kile kinakunjika kama boksi. Mimi, niliyetafuta kwenye simu kila skrubu, kila gundi, kila aina ya kuvu, sikuwahi kutafuta hilo, na Tonton pia hakuwahi, kwa sababu kwetu sote wawili lilikuwa halina swali: kipoyi kinabeba mtu, ndiyo kazi yake. Mwaka mzima tulijenga kitu cha kumbebea Koko, na kilikuwa kitu pekee barabarani kisichoruhusiwa kumbeba. Koko akaniambia nimtafsirie askari kwamba hajaiba kitu, kwamba yeye ni mzee kuliko barabara hii, na kwamba mama aliyemzaa hakumfundisha kuzuia wagonjwa njiani. Nikamwambia askari kwamba bibi anamsalimu na anamshukuru kwa kazi yake. Askari akamsalimu. Tonton alikuwa amekaa kwenye ukingo wa barabara, mikono kichwani, hasemi hata bon.

Ni Koko aliyeamua. Alishuka mwenyewe, akishikilia bega langu, akaenda hadi pikapu akapanda kiti cha mbele. "Ata kipoyi banaituaka chini, babebaji bapumzike," alisema. "Mutakuwa munanitua."

Basi ndivyo tulivyokwenda. Tunaendesha mpaka midomo yake inageuka rangi, tunatoka barabarani, kwenye kituo cha mafuta, kwenye maegesho ya malori, popote. Ninamshika mkono mpaka nyuma, analala kitandani kwake, ninachemsha chai kwenye jiko tulilolifufua, na Tonton anazunguka karavani akipiga teke matairi. Mgongo ukinyamaza, tunaendelea. Ohio ina maegesho mengi nami nayajua yote. Madereva wa malori walituangalia, Koko akiwapungia, kwa kuwa karavani ikiwa imesimama inaruhusiwa. Columbus tulilala kwa mama yake Patient, na alfajiri wanaume wa kanisa la huko walikuja bila kuitwa, wakatangulia na gari lao mpaka nusu ya njia, ambako watu wa Buffalo walikuwa wanasubiri kutupokea. Sikuuliza nani alipanga. Nilikuwa na hasira na kila kitu, hata na wema wao, kwa sababu mwendo ule tungeweza kuufanya tangu msimu wa baridi kwa godoro na gari lolote lenye nafasi. Nilimwambia Koko hivyo. Akasema hakuna gari lolote lenye mlango wa kufunga na ndoo ya mwanamke mzee ya kujisaidia. Sikuwa nimefikiria ndoo.

Black Rock walikuwa wameandaa chumba, wamefua mapazia, wamepika mbuzi. Koko hakuingia. Alirudi kitandani kwake ndani ya karavani, kwenye njia ya gari kando ya nyumba, akasema yeye ni mkubwa na ameshafika kwake. Mdogo aje amsalimie. Watu waliguna. Mgonjwa yule! Lakini mlango wa nyumba ulikuwa umeshafunguka, na Koko wa Buffalo alikuwa anakuja na fimbo yake ya kutembelea, mdogo kuliko sauti yake, kitenge kimefungwa kifuani, anamfukuza kila anayetaka kumshika. Nilimsaidia kupanda kidaraja cha mlangoni. Walitazamana. Sikusikia kilio wala wimbo. Koko wangu alisogea ukutani, akapiga godoro kwa kiganja, na mdogo wake akalala kando yake. Halafu Koko wangu akaniambia nitoke na nifunge mlango.

Nilikaa nje na watu wote, sahani za mbuzi mapajani, tukisikiliza. Bati lile ni jembamba, lakini nilikuwa nimelijaza sufu ya kuzuia baridi vizuri mno. Tulisikia kicheko tu, na mara nyingine sauti mbili zinazosema kwa pamoja. Mimi niliyeijua kila skrubu ya nyumba ile sikujua hata neno moja lililosemwa humo, na mpaka leo sijui.

Asubuhi mlango ulifunguliwa kidogo. Koko alimwita Tonton, akamwambia atoe magurudumu.

Tonton akamuuliza kwa nini. Tulikuwa na wiki moja tu, kazi inamngoja, mimi nina shule ya kiangazi, na nyumbani kuna chumba chake. Nilisema na mimi, nikataja chumba chetu, kitanda chake.

"Kama iko na magurudumu, mutanirudisha," Koko alisema. "Toa."

Tonton hakusogea. Aliangalia nyasi kana kwamba yule askari wa barabarani bado amesimama mbele yake. Kwa hiyo nilikwenda mimi kwenye sanduku la vifaa. Jeki nikaiweka chini ya ekseli, mahali penye chuma kigumu. Nati unazilegeza kabla hujanyanyua, siyo baada. Nilipachika spana, nikapanda juu yake kwa uzito wangu wote huku machozi yakinizuia kuona, na karavani ikatikisika.

"Polepole, we mutoto," Koko alisema kutoka ndani. "Tunalala."